Betri za Babu

Juzi sokoni Sumbawanga kijana mmoja aliniwekea muziki wake: zeze lililopunguzwa mwendo kwenye kaseti, likivuma kama nyuki ndani ya debe.

“Betri zinaisha?”

“Hapana, mama. Ndivyo ulivyo.”

“Kama mwendo ni nusu, na bei iwe nusu,” nikamwambia, lakini moyo haukutulia.

Utotoni, babu akiwa hoi kitandani, zeze lake kwenye kaseti lilianza kujikokota vivyo hivyo, nikaamini ni yeye anayeisha. Baba akaanika betri juani. Nilizigeuza mara mbili, vidole vikanuka kutu, na ziliporudishwa redioni zeze likachangamka. Basi nikamvuta babu mkono hadi uani, akajilaza mkekani.

“Unanianika kama ulezi?”

“Mpaka upone, babu.”

Alicheka, akakohoa. Kivuli cha nyumba kilikuwa kinatukaribia. Nikamgeuza haraka upande wa pili.