Masaa Matano kutoka Dubai

Dada yangu alipoenda kufanya kazi Dubai, mama aliuliza swali moja tu: ni mbali kuliko Loitokitok? Nikamwambia kwa ndege ni masaa matano. Akacheka. Alipokuwa msichana walihamisha ng'ombe kutoka Kajiado hadi Loitokitok, wakilala porini siku kadhaa. Masaa matano, akasema, mtu hata njaa haijamshika.

Hilo ndilo lililomtesa. Angeamini ni mbali, angetulia. Aliamini ni karibu, kwa hiyo kila Desemba alingoja.

Kwetu binti hamsalimii mzazi kwa mkono. Anainamisha kichwa, mzazi anakigusa, na hapo ndipo anapohesabiwa amefika nyumbani. Mama alikuwa mgonjwa, nimemleta kwangu Kitengela awe karibu na hospitali, na kabla ya kufa alitaka jambo hilo tu, kukigusa kichwa cha kifungua mimba wake. Siku moja dada alikiinamisha mbele ya simu ya video. Mama akanyoosha kidole, akagusa kioo, simu ikakatika. Mimi nilicheka. Mama hakucheka.

"Mwambie aje," alisema.

Nilimwambia, tena na tena. Jibu lilikuwa lile lile: "Safari ni ndefu, na si unajua leave huku ni shida."

Ndege zinazoenda kutua hupita karibu kabisa na paa letu. Mama alikuwa akitoka nje kuzitazama, ameshikilia ukuta, mpaka nikazichukia.

Halafu jirani akaja na simu yake, amefurahi. "Huyu si ni sister yako?" Ilikuwa video ya harusi, hotelini Nairobi, Jumamosi iliyopita. Dada yangu alikuwa kati ya wasimamizi wa bibi harusi, anacheza. Kutoka hoteli ile hadi geti letu, hata Mlolongo kukiwa na foleni, ni saa moja.

Nilimpigia. "Nilikuwa two days tu," akasema. "Ningekuja saa ngapi?"

Sikujua kwamba mama alikuwa ameitazama ile video nyuma ya bega langu. "Anacheza vizuri," alisema, akarudi kulala. Tangu siku hiyo hakutoka tena kutazama ndege. Mimi hasira yangu haijapoa, na sitaki ipoe.

Alifariki mvua zikiisha. Leave ikapatikana siku hiyo hiyo.

Tulimzika Kajiado. Dada alimwendea mama mdogo, ndugu ya mama, akainamisha kichwa mbele yake, watu wote wakitazama. Mama mdogo alikitazama kile kichwa, mikono yake ikiwa ndani ya shuka aliyojitanda mabegani. Dada akangoja. Alipoinuka, macho yamejaa machozi, mama mdogo alimnyooshea mkono na kusema naye kwa Kiswahili, lugha ambayo hapo nyumbani tunaongea na watu wa kupita tu.

"Karibu," alimwambia. "Pole na safari."