Neno la Mzazi kwa Msimamizi wa Kiwanda

Huku Malindi ya milimani, si ile ya pwani, mtu hamsifu mwanawe mbele za watu. Ukimsifu utaitwa mwenye majivuno, tena unamtafutia kijicho. Evelina alilelewa hivyo akalea hivyo, na mimi jirani yake sina la kumcheka, maana ningejibu yale yale.

Mwaka huu kabichi zimemwozea shambani. Mumewe alifariki mwana wao Alen akiwa darasa la pili, na huyo Alen sasa ana mke na mtoto wa mwaka mmoja anayelala kwa uji wa chumvi.

Kazi za Tanga mjini hazibandikwi ukutani. Aliyetangulia ndiye humvuta mwenzake. Sharifu, kijana wa ng'ambo ya kijito, yuko kiwanda cha magodoro huko. Nafasi ya kupakia mizigo ilipotokea, aliwaruka binamu zake wawili akamtaja Alen, kwa kuwa walikua pamoja. Binamu wakanuna. Msimamizi akataka kitu kimoja tu, neno la mzazi kwa simu.

Simu ikaja Jumanne asubuhi, tukichambua maharage uani kwa Evelina. Alen akaiweka spika. Mama akajipangusa mikono, wakasalimiana vizuri, kisha yule bwana akauliza kama kijana ni mchapakazi.

"Aa, baba, huyu si wa kusifiwa," Evelina akasema, akicheka kidogo. "Mvivu tu kama vijana wenzake. Mtanifundishia huko huko."

Mtu wa kwetu angejua kwamba hapo mama amemkabidhi mwanawe kwa moyo wote. Yule bwana si wa kwetu. Akamshukuru kwa kusema kweli, akakata.

Saa sita Sharifu akapiga. Nafasi kapewa mtu wa Pangani, na yeye ameonywa asilete wavivu.

Nilimwonea Evelina uchungu mpaka nikakasirika, sijui nikimkasirikia nani. Aliinyakua simu akampigia msimamizi. Haikupokelewa. Akapiga tena na tena, mwisho akaanza kusema tu, simu sikioni, machozi yakimshuka. Alisema Alen alilima shamba zima peke yake akiwa na homa. Alisema kijana huyu halali kabla ndoo za mama yake hazijajaa maji. Alisema milima hii yote hajaona mwingine kama yeye.

Alen alikuwa amesimama mlangoni na mtoto begani. Ana miaka ishirini na minne, na ndiyo mara ya kwanza kuyasikia hayo kutoka kwa mama yake.