Kitabu Chenye Ukindu Katikati

Hii stori inanitoa boya, nakwambia mapema ili ukicheka usidhani umenigundua. Mvi sina, ndevu zenyewe zinanipitia kushoto, lakini leo kiti cha wazee nimekikalia mimi. Tulia, mwanangu, nikupe nasaha.

Nakumbuka alasiri moja kule Sudi, nyumbani kwa babu yangu, siku chache baada ya kumzika. Mimi ni wa bodaboda, naishi Mitwero. Familia ilinituma nikachote maji na kupasua kuni, maana Bibi alikuwa ameingia eda, yuko chumba cha ndani, hatoki.

Maji hayakuwa shida. Shida ilikuwa Bibi mwenyewe. Tangu mazishi hajasema neno, na sahani ikiingia imejaa inatoka imejaa. Shangazi Mwanahawa, anayempikia, akanishukia jikoni.

"Atamfuata mumewe huyu! Na wewe mtani wake umekaa unachezea simu."

Kweli, kwetu mjukuu ni mume wa bibi yake kwa utani. Basi nilisimama mlangoni pake nikamwaga utani wangu wote, hata ule usiofaa kusemwa msikitini. Ukuta ungecheka, Bibi hakucheka.

Sasa mwanangu, sebuleni kulikuwa na kiti cha kamba cha Babu, na juu yake kitabu cha hadithi, katikati kimewekwa kipande cha ukindu. Hapo ndipo Babu alipoishia. Hakuna aliyekigusa. Mimi tangu nimalize la saba sijafungua kitabu. Kusoma kwangu ni meseji, mikeka ya kubeti mpira na maandishi ya nyuma ya malori. Lakini siku ile simu ilizima chaji, na umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Shangazi kaenda kisimani. Nyumba imetulia mpaka nasikia mchwa kwenye boriti. Nikakaa kwenye kile kiti, nikafungua penye ukindu.

Ilikuwa habari ya mtu anayemtafuta punda wake aliyepotea. Kwa macho tu sikuweza, maneno yalikuwa yanakimbiana kama kaa. Nikaanza kusoma kwa sauti, kidole kwenye mstari, kama mtoto wa darasa la pili. Nikateleza kwenye neno moja refu.

"Rudia," sauti ikasema.

Taratibu, kwa upole. Mwanangu, kwenye kiti kile kile ndipo Babu aliponifundisha kusoma nikiwa mdogo, na nikikosea hakunipiga wala kunigombeza. Alikuwa anasema neno hilo hilo moja. Nikageuka. Pazia la mlango limetulia, hakuna mtu.

Unajua nilifanya nini? Nilirudia. Adabu ya woga hiyo. Nikasoma mpaka yule mtu anafika kwenye nyumba isiyo na mlango na kumsikia punda wake analia ndani. Hapo nikasimama kugeuza ukurasa.

"Kisha?" ikauliza sauti, nyembamba, imekwaruza, kutoka ukutani.

Kilichofuata usimwambie mtu. Kandambili moja ilibaki sebuleni, nyingine niliikuta kwa jirani. Nilimkuta Shangazi kisimani, nikamwambia Babu amerudi anataka kumaliziwa hadithi. Akanitazama kama anaangalia samaki aliyechacha.

"Kisha? Wewe mjinga, hilo ni neno la mama! Kila baada ya swala ya alasiri baba alikuwa anamsomea, yeye huko ndani anasuka ukili. Akinyamaza tu, mama anauliza kisha." Akaitupa ndoo. "Mtu hajasema tangu mazishi, leo kasema, na wewe umekimbia?"

Hapo nilijiona mdogo kuliko ile ndoo. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nikarudi. Jua limeanza kulala, sebule imekuwa ya rangi ya majivu, na kile kiti, naapa, kilikuwa cha moto kama ameinuka mtu sasa hivi. Nikakaa hivyo hivyo.

"Bibi, nisamehe. Punda bado analia."

Nikasoma. Nikikosea nasikia "rudia", narudia. Nikinyamaza nasikia "kisha", naendelea. Shangazi akapitisha uji chini ya pazia la ndani. Kikombe kikarudi kitupu. Shangazi alikaa chini jikoni akalia.

Toka siku hiyo kila alasiri nikawa nasoma, na Bibi anakula. Mwanzoni kurasa mbili zilinitoa jasho kama kupanda mlima wa Mtanda. Baadaye nikaanza kuona hiyo nyumba isiyo na mlango, nikaota punda. Kitabu kilipoisha niliudhika.

Basi shika hili, mwanangu. Kitabu ulichokiacha hakinuni, kinakungoja ulipoishia. Ukikirudia baada ya miaka usione haya kusoma kwa kidole, wala kwa sauti. Kidogo kidogo, saa ile ile kila siku, simu iko mbali. Ukiteleza rudia, mwenda pole hajikwai. Na kama una mtu ndani ya nyumba amenyamaza, msomee, huenda ana njaa na si ya ubwabwa.

Siku tuliyomaliza, nilimtania Bibi kupitia pazia: "Kisha yako naielewa, mke wangu. Lakini hiyo rudia, rudia, umeipata wapi na wewe herufi hujui hata moja?"

Nikasikia ukili umesimama.

"Mume wangu," akasema, "Mungu akuachie macho yako mpaka uzeeni, usome uchoke. Mimi nilikuwa nasema kisha. Hiyo rudia na mimi nilikuwa naisikia, nikadhani unajiambia mwenyewe."