Waliotaka Kumfuta Mama

Kuna mwanamume mmoja anaishi Koboko, mwalimu wa sekondari, mpole kweli kweli, sauti haipandi hata ukimkanyaga, na mimi nikisikia mtu anamsifu huwa natoka nje. Watu wa Arua wanaonijua wanasema nina kisasi. Ninacho, wallahi, na nitaeleza nilikitoa wapi.

Nina kiduka cha kuchapa na kutoa fotokopi karibu na soko. Wateja wakipungua, naandika bure kwenye kamusi elezo ya mtandaoni, ile ambayo yeyote anaweza kuandika na yeyote anaweza kufuta. Tuko kikundi kidogo cha watu wa kujitolea, wa Arua na wa Koboko, tunaandika habari za kwetu West Nile kwa Kiswahili. Wengi wanadhani kazi yetu ni kuandika. Kazi yetu ni kugombana. Nyuma ya kila ukurasa kuna ukurasa mwingine wa majadiliano, na huko ndiko watu wanakovuana nguo kwa lugha ya adabu: "Ndugu mhariri, kwa unyenyekevu nauliza, jambo hili umelitoa wapi?"

Mimi niliandika ukurasa kuhusu makawa ya Wanubi. Kawa ni kile kifuniko cha chakula kinachosukwa kwa ukindu wa rangi, unakiweka juu ya sinia mgeni asione kitu mpaka amekaa na kunawa. Mama yangu ni msukaji. Hapa mjini akiozeshwa binti wa Kinubi, watu huulizana kama makawa yametoka kwa mama yangu, na kama hayakutoka kwake wanaguna. Nikaweka picha yake akiwa kwenye mkeka, ukindu umemjaa mapajani. Nilipomwonyesha aliishika simu kwa mikono miwili, kisha akaenda kuwaambia majirani wote kwamba yuko ndani ya kitabu cha dunia.

Sasa ikaja arusi. Mchana, wanawake tumejaa uani, mama akaniambia, "Toa simu, onyesha hawa." Nikafungua ukurasa mbele ya wote. Juu ya picha ya mama kulikuwa na kisanduku chekundu: imependekezwa ukurasa huu ufutwe. Mama mmoja asiyejua kunong'ona akakisoma chote kwa sauti, pamoja na sababu: "Hakuna chanzo kilichochapishwa. Maelezo yanaonekana kutoka kwa mzazi wa mhariri." Kuna mtu alicheka, nami ninamjua, naye pia nimemwekea kisasi chake.

Mama akanitazama. "Nani iko nataka kufuta mimi?"

Nikatazama sahihi iliyo chini yake. Aliyeweka kisanduku ni yule mwalimu wa Koboko. Namba yangu alikuwa nayo. Chai yangu dukani alikuwa ameinywa. Angeweza kunipigia akasema, dada, ukurasa wako una kasoro hii, na mimi ningeirekebisha kabla mama hajaaibika. Hapana, yeye alifuata utaratibu. Nilirudi dukani damu imenichemka nikamwandikia kwenye majadiliano maneno ambayo sitayarudia hapa, maana bado yanasomeka kule na sijayajutia.

Mratibu wa kikundi chetu, mama mmoja Mlugbara aliyestaafu ukutubi, akanipigia simu papo hapo. "Mwanangu, futa matusi. Unajua utaratibu."

Utaratibu huu ni wa kwetu tu, sijausikia kwingine. Zamani kidogo kikundi kilitaka kuvunjika kwa ugomvi juu ya mipaka ya kata fulani huko Adumi, ndipo mratibu akaweka sharti: wahariri wawili wakikwama, hakuna anayeruhusiwa kujitetea. Kila mmoja anaandika hoja ya mwenzake, hadharani, kwa uzuri wote anaoweza. Mwenye hoja akisoma akaridhika, anaandika "Ndivyo." Asiporidhika anaandika "Sivyo," na mwenzake anaanza upya. "Ndivyo" mbili zikipatikana, ndipo wengine wanaamua.

Mimi nikasema, haya, nimalize upesi nimnyamazishe. Kumbe nilisahau kwamba kila siku kazi yangu ni kuchapa barua za watu: mume anayemlaumu mke, mke anayemlaumu mume, wote wananilipa mimi, na wote nawapangia maneno yakapangika. Nikaandika hoja ya mwalimu kama ya mteja. Nikaeleza kwamba kamusi ikipokea neno la kila mama, kesho itapokea la kila mwongo. Kwamba msomaji wa mbali hana njia ya kuja Arua kuuliza. Kwamba kumheshimu mzee ni kutafuta ushahidi wake, siyo kumwamini kwa sababu ni wako. Nilipomaliza nikajipongeza.

Wenzetu wawili wa Ajia, huku kwetu Arua, walikuwa hawajafuatilia mwanzo. Wakaingia, wakasoma, wakaona sahihi yangu chini, wakadhani mimi mwenyewe nimekubali. Wote wawili wakapiga kura: Futa. Na mwalimu akaandika, "Ndivyo. Asante, dada, hata mimi nisingeliweka vizuri hivi."

Mungu wangu! Nimemtetea adui yangu hadi nikamshindia kesi! Mratibu alizisimamisha zile kura, akaeleza makosa, lakini nilijua Koboko kuna mtu anatabasamu. Nikaapa: zamu yake ikifika, atanitambua.

Zamu ikafika. Akaandika kwamba dada anataka ukurasa ubaki kwa sababu anampenda mama yake. Nikajibu: "Sivyo." Akaandika kwamba dada anaona utamaduni wa Wanubi umesahauliwa. "Sivyo." Akaandika kurasa nzima, na vifungu, na maneno ya kisomi. Nilisoma yote nikala na njugu, nikajibu: "Sivyo." Ilikuwa tamu, nisidanganye. Yule mtu wa utaratibu, utaratibu wenyewe nimeugeuza kitanzi chake. Asubuhi nilikuwa nafungua kompyuta kabla ya kufungua dirisha, nione kama amejaribu tena, nimkatae tena.

Akanipigia simu. "Dada, basi niambie unataka niseme nini."

"Nikikuambia utakuwa umeandika yangu. Andika yako."

"Lakini muda wote huu kile kisanduku kiko juu ya picha ya mama."

"Nani alikiweka?"

Nikakata simu. Lakini alikuwa amesema kweli, na hilo lilinikera kuliko yote. Kila jioni nikirudi nyumbani mama alikuwa ananiuliza, "Walifuta?" Namjibu bado. Alikuwa ameacha kutaja habari za kitabu cha dunia kwa majirani. Arusi iliyofuata alituma makawa yake, mwenyewe akasema mgongo unauma, hakwenda. Nikajua anakwepa kuulizwa. Nami bado sikutaka kumwachia mwalimu. Niliona nikimwachia, mama atakuwa ameaibishwa bure.

Siku moja nikarudi nikakuta vikombe viwili kwenye sinia.

"Nani alikuja?"

"Mutu ya Koboko," mama akasema. "Mwalimu. Alikaa hapa toka adhuhuri mpaka alasiri. Iko na adabu sana."

Akili ziliniruka. Ameingia kwetu, nikiwa kazini, hakunipigia hata simu, amekaa na mama yangu! Nikamwambia mama, huyo ndiye! Huyo ndiye aliyetaka kukufuta! Mama akakusanya vikombe.

"Najua. Alisema mwenyewe, mbele ya chai. Akaomba samahani. Nikamupa ukindu ashike, mikono yake mubaya kabisa." Akacheka, mara ya kwanza tangu ile arusi.

Kesho yake maandishi yake yakatokea. Nilikuwa nimejiandaa na "Sivyo" yangu. Alianza kwa kusema kwamba waliokuja kuandika vitabu kuhusu Wanubi waliandika askari, kambi na bunduki, kwa sababu walikaribishwa barazani na hawakufika jikoni. Kwa hiyo kukosekana kwa kitabu kunatuambia waandishi waliishia wapi, hakutuambii kama kitu kilikuwepo. Akaongeza kwamba amepekua maktaba ya chuo hapa Arua, akapata kitabu kimoja cha zamani kinachotaja makawa katika sherehe za ndoa, ukurasa fulani. Hapo nilikuwa bado naweza kumkataa. Kisha nikafika mwisho.

Aliandika kwamba wakati wa vita, watu walipokimbilia upande wa Kongo, mama alisuka kawa kwa majani ya huko, akaliweka juu ya sahani tupu kila jioni mbele ya mlango. Majirani wakipita wanaona nyumba hii ina chakula, hawamhurumii. Na watoto wakubwa, kabla mimi sijazaliwa, walilala wakiamini chakula kipo, kinapoa. Mmoja hakuamka. "Dada anasema," aliandika mwalimu, "kwamba ukurasa huu ukifutwa, tutakuwa tumelifunua lile kawa mbele za watu."

Dada hakusema hivyo. Dada hakuwa anajua. Nimekula chini ya makawa ya mama maisha yangu yote, na kwamba nilikuwa na ndugu aliyekufa kwa njaa nimeambiwa na mwanamume wa Koboko, kwenye ukurasa wa majadiliano, kati ya "Sivyo" zangu.

Nilifunga duka mchana, nikaenda nyumbani. Mama alikuwa anasuka. Nikamuuliza kwa nini jambo kubwa hivi amemwambia mgeni, tena yule, na mimi hakuniambia.

Hakuinua kichwa. "Yule aliuliza," akasema. "Wewe siku zote iko naandika."

Nilirudi dukani. Mratibu alikuwa anasubiri, kisanduku kilikuwa kinasubiri. Nikaandika "Ndivyo," nikaweka sahihi yangu, na kuanzia siku hiyo namchukia yule mtu kuliko nilivyomchukia siku ya arusi.