Tandiko Lenye Kikuku Kimoja

Habari za kifo cha mwenye duka la vitambaa pale Kasulu zilinikuta nanyoa ndevu. Nilimalizia shavu la pili. Wasomaji wangu wamezoea kuniona nikiwaaga marehemu kwa maneno laini. Leo wanivumilie, maana huyu nilikuwa namngoja.

Nyuma ya duka lake palikuwa na chumba alichokijaza matandiko ya farasi wa vita, ya Wajerumani na ya Wabelgiji, pamoja na hatamu zilizokatika na vyuma vya mdomoni vilivyoota kutu. Aliyatafuta Kibondo, Manyovu na popote jeshi lilipopita likaacha mizoga, kwa kuwa mbung'o hawakuwahurumia farasi wa taifa lolote. Yeye mwenyewe hakuwahi kupanda hata punda. Kila Ijumaa baada ya swala aliipaka ile ngozi mafuta ya mawese, na panya wa mtaa mzima walimpenda.

Mwaka tuliohamishiwa kijiji cha ujamaa, alifika kwetu Heru Juu wakati mama anafunga vyombo na baba yu mgonjwa kitandani. Tulikuwa na tandiko moja. Babu, aliyekuwa mtunza farasi wa ofisa wa Kijerumani, alilibeba kichwani hadi nyumbani baada ya farasi kufa. Kwa kuwa hatukuwa na farasi, likawa kiti cha urithi: siku ya kuondoa matanga, mrithi hukalishwa juu yake na wazee wakamkabidhi mji. Mzee wa duka alimwambia mama kwamba serikali inakusanya mali zote za Mjerumani, na atakayekutwa nazo atafungwa. Mama akampa tandiko, tena akamshukuru. Jioni, mwenyekiti wa kijiji alipoisikia hadithi hiyo alicheka mpaka akakaa chini.

Kesho yake mzee alirudi. Alikuwa amegundua kwamba kikuku kimoja, kile chuma cha kukanyagia mguu, hakipo. Mama alikuwa akifungia nacho mlango wa zizi la mbuzi.

"Lete tandiko, nikupe kikuku," mama alimwambia.

Tangu hapo mzee alituma sukari, na sukari enzi hizo haikuwa mchezo. Alituma kitenge. Alimtuma shehe mmoja mpole sana. Mama alipokea vyote, shehe akapewa maziwa, na jibu halikubadilika.

Baba alipofariki nilikwenda mwenyewe dukani, na tai yangu na digrii yangu, kuliazima kwa siku moja tu. Alinipa kahawa.

"Bwana msomi," akasema, "ngozi hii imezeeka. Haikaliwi tena, inatazamwa. Wewe utanielewa."

Kibaya ni kwamba kwa muda fulani nilimwelewa. Chuo kikuu kinatufundisha hivyo. Basi nikarithishwa mji wa babu yangu nimekaa juu ya kreti la soda, na mjomba mmoja akauliza kwa sauti kama chupa zimerudishwa.

Mwaka ule wa kuhama sote tulikuwa tunapakia maisha kwenye lori, na mtu anayehama hana mikono ya kushikilia kila kitu. Marehemu alilijua hilo. Wengine walitusaidia kubeba magodoro. Yeye alitembea nyuma yetu akichagua. Wanaomsifu leo kwamba aliokoa historia yetu, nawauliza aliiokoa kutoka kwa nani. Tandiko letu halikuwa limetupwa. Lilikuwa na kazi.

Juzi wanawe wawili walifika kwa mama, ambaye alikwisha kurudi Heru Juu. Walisalimia kwa adabu, wakaeleza kwamba baba yao alikitaja kikuku hadi siku zake za mwisho. Mama aliwauliza kama wamekuja na tandiko. Hawakuja nalo.

"Basi baba yenu apande huko aliko kwa mguu mmoja," akawaambia, akaenda kufunga zizi kwa kile kikuku, wao wakitazama.

Naambiwa marehemu asemwe kwa wema. Nimejitahidi: mafuta aliyapaka vizuri. Wanawe bado wana nafasi, na njia ya Heru Juu sasa wanaijua. Ukichukua kitu cha watu unaweza kukitunza na kuwaonyesha wageni mpaka uzeeke, lakini kila ukikitazama, macho yatakwenda kwenye kile kipande kilichobaki kwao.