Siku Plamedi Aliponyamaza

Tangu serikali ilipofunga nchi kwa ajili ya korona, Libérate aliendelea kumvisha binti yake sare ya shule kila asubuhi. Alidhani anamtuliza. Plamedi alikuwa na usonji, na bila soksi zake ndefu na sketi ya bluu siku yake haikuanza. Lakini akishavaa alikwenda kusimama mlangoni, kulisubiri gari la shule. Gari halikuja. Hapo ndipo mayowe yalipoanza, na kichwa kugongwa mlangoni, mpaka sauti imkauke.

Fleti yao ya ugenini, mtaa wa Umbilo, ilikaliwa na familia kadhaa, kila moja nyuma ya pazia lake. Mapazia yalizuia macho tu. Zamani Libérate alishinda saluni akisuka nywele, mtoto akashinda shule, na jioni walikutana wakiwa wamekumbukana. Sasa walikuwa pamoja mchana kutwa, kitandani, kwa sababu nafasi yao ilikuwa kitanda.

Papa Urbain, mwenye mkataba wa fleti, akaja kusimama nje ya pazia.

"Mama Plamedi."

"Karibu, papa."

"Siingii. Mwangalizi wa jengo amepiga simu tena. Makelele iko mingi. Nikisikia tena, mutatoka."

"Tutaenda wapi, papa, na barabara zote iko na polisi?"

"Eish, hata mimi sijui. Lakini mutoke wawili, ao tufukuzwe wote?"

Dawa ya kumtuliza mtoto ilikuwa imekwisha, na kliniki haikuruhusu watoto kupita getini. Bernadette, jirani wa pazia la pili, alisikia yote. Hapakuwa na namna ya kutosikia.

"Watoto wangu mimi nawanyamazisha na mukate," alisema, akijaribu kuchekesha. "Huyu wako hahongeki." Kisha akashusha sauti. "Mufunge kitandani na kitenge, asigonge mulango, uende kliniki. Kidogo tu. Mimi niko hapa."

"Ni mtoto, Berna, si mbuzi."

"Na mukilala njiani, mutakuwa nini?"

Libérate akakitoa kitenge chini ya mto. Plamedi alipokiona alicheka. Alikuwa mkubwa sasa, akiwa mgongoni miguu yake ilimfika mama yake magotini, lakini bado alibebwa siku zilipokuwa mbaya, na kitenge kwake kilikuwa na maana hiyo moja tu. Akaja mwenyewe. Akajilaza mgongoni pa mama yake, akaweka shavu, akangoja afungwe.

Libérate akageuka. Akamkalisha kitandani, akaifunga mikono yake kwenye chuma cha kitanda, akatoka bila kutazama nyuma.

Foleni ya kliniki ilizunguka ukuta mzima. Zamu yake ilipofika, nesi alimwambia kupitia barakoa kwamba dawa haijaletwa, ajaribu wiki ijayo. Libérate alirudi karibu akikimbia. Kwenye ngazi alisimama kusikiliza. Hakusikia kitu, na kwa pumzi moja, Mungu amsamehe, alifurahi.

Papa Urbain alikuwa jikoni na chai yake.

"Félicitations, hongera mama! Leo hata redio nimeisikia. Fanya hivi kila siku."

Nyuma ya pazia, Bernadette alikuwa ameketi sakafuni. Hakuinua uso.

"Alilia, kisha akaacha," alisema. "Nilimufungua zamani, Mama Plamedi. Hatoki."

Kitenge kilikuwa kimeanguka chini. Mikono ya Plamedi ilikuwa pale pale kwenye chuma, imeshikana, ingawa hakuna kilichoishika. Godoro lilikuwa limelowa. Macho yake yalitazama ukuta.

Libérate alimwita. Akampa mkate, mkate ukabaki mdomoni bila kutafunwa. Akamsugua vifundo vya mikono, akavipuliza, akaviweka mapajani pake, na mtoto akavirudisha kwenye chuma, polepole.

Basi akakiokota kitenge, akakitandaza mabegani, akachutama mbele ya kitanda na kumpa mgongo.

"Panda, mama," akamwambia binti yake. "Panda twende."

Jikoni redio ilikuwa ikitangaza idadi ya wagonjwa. Libérate hakunyanyuka.

"Lia, mama," akasema. "Piga kelele. Piga, watufukuze."

Alingoja shavu. Nyuma yake kitanda hakikutoa hata mlio.