Kufuli la Marehemu

Mtu waliyemwita Fundi Kufuli alipofariki, watu walikuja wakaondoka, na kiti chake kikabaki mbele ya kompyuta, koti likiwa mgongoni. Mkewe hakukigusa. Alivuta stuli kando yake, akaendelea na kazi waliyokuwa wakiifanya wote wawili: kutunza ile sehemu ya lugha ya kompyuta inayoziwezesha programu kuzungumza kupitia mtandao.

Humo ndimo marehemu alimoweka kufuli lake, njia ya kuficha ujumbe ili wezi wasiusome. Enzi zake lilisifiwa. Sasa wezi walikuwa wamejua kulifungua, na wenzake kazini walitaka liondolewe. Kila mara mkewe aliwajibu, "Huenda kuna anayelitegemea."

Asubuhi hiyo shemeji yake, mdogo wa marehemu, waliyekuwa naye kazi moja, alipiga simu.

"Shemeji, bado tu hujalitoa?"

"Cha kale dhahabu."

"Dhahabu sawa, lakini si kufuli! Hilo siku hizi hata kuku analifungua kwa mdomo."

"Chunga ulimi. Kaka yako ndiye aliyelichonga."

"Ndiyo maana nakusumbua. Wezi wakipita hapo, watu watauliza nani aliuweka mlango huo. Litatajwa jina letu."

Hapo shemeji alimpata. Angevumilia yote, si jina la mumewe kuburutwa matopeni.

Akalifuta kufuli lote kwenye nakala yake, kisha akaiamuru kompyuta izijaribu programu zote walizozijua. Ndiyo desturi ya kazi ile: aliyekuwa akiegemea kilichotolewa ataanguka, nawe utamsikia. Akakaa akitega sikio. Labda yupo hata mmoja tu, popote alipo, anayemhitaji bado mumewe.

Kijani: programu imepita salama. Kijani. Kijani tena. Chai ikapoa.

Karibu na mwisho likatokea jaribio moja jekundu, lililoanguka. Akalifungua upesi, akasoma, akaegemea ukuta. Lilikuwa jaribio dogo aliloliandika mumewe mwenyewe, la kuhakikisha kwamba kufuli lake bado linafunga. Hakuna mwingine aliyeliulizia.

"Kumbe tulibaki sisi wawili tu, mwenzangu," akakiambia kiti.

Lisilo budi hutendwa. Akalifuta na hilo jaribio. Penye maelezo ya mabadiliko akaandika: "Liliwalinda watu muda wote lilipoweza." Akajaribu upya.

Safari hii yote yalikuwa kijani, na chumbani hapakuwa na wa kumwonyesha.